Jiwe la Baudouin

Kolwezi, tarehe 14 mwezi wa 8, 2024

Mpendwa Yaya Huguette,

Jambo sana kutoka kwetu. Uko muzima? Magoti je? Huku mama anakula vizuri na anagombeza kila mutu, kwa hiyo eko sawa. Mi mwili ni muzima, moyo njo hautulii. Hii barua nimeianza mara tatu.

Simu yako haiingii tangu juzi, ndiyo maana hii barua nimemupa dereva wa lori. Soma yote, Yaya.

Kazi yangu unaijua: miaka kumi na mbili kule Ulaya natafuta chembe ndogo ambazo macho hayaoni, na kila likizo nafundisha batu ba kwetu. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, nilifungua kasanduku kangu ka kioo katika sale, ule ukumbi wa parokia. Ndani mvuke ni baridi sana. Chembe ikipita, inaacha kamustari keupe. Lakini bachimbaji bamezoea mashine za depo, kwa banunuzi, zinazopima teneur, ni kusema wingi wa madini katika jiwe. Balifikiri kangu nako kanapima. Bakapanga foleni na majiwe!

Mumoja, Baudouin, akatoa jiwe zito lenye manjano. Nikaliweka. Mama yangu! Mistari ikajaa kioo chote. Batu bakapiga makofi, bakamubeba mabegani: tajiri! tajiri! Na mi nikacheka nabo, Yaya. Makofi yalinilewesha. Nilisema moyoni nitaeleza bakinyamaza. Baliponyamaza, Baudouin alikwisha kutoka.

Ile mistari si utajiri. Jiwe lina mionzi, inaharibu mwili polepole. Jana nilienda kwake. Jirani akaniambia banalilalia chini ya muto wa kitanda, yeye na muke wake Rachelle, mwenye mimba ya miezi saba. Asubuhi ileile balipanda lori kuja huko Dilolo kutafuta mununuzi.

Tafadhali mutafute kwenye gare, pale malori yanasimama, na sokoni. Ni murefu, anachechemea mguu wa kushoto. Jiwe likae mbali na Rachelle, basilivunje, banawe mikono.

Mashine yetu kubwa kule Ulaya inawashwa Jumanne, na zamu ni yangu. Ndege ni Jumamosi. Nafunga valizi, nafungua. Basi, siendi. Hapa batu bameanza kuchimba majiwe ya manjano kwa sababu yangu! Kesho nabaita bote sale, niseme nilikosea. Kisha nakuja huko.

Salamia François na Princesse. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Baudouin akibisha, usimueleze sayansi. Umuambie tu: Charlotte aliona hatari, na akacheka.

Mudogo wako anayekupenda,
Charlotte