Siki ya Mazimwi

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokulaza mwaka jana hakijarudi. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kukaa kwenye kiti kutwa. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua: kwenye simu mimi na wewe hatumalizi salamu kabla hatujagombana.

Nina shida ya kikazi. Unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta ninaoutengeneza na mwenzangu mchoraji? Ni kijiji cha mazimwi walioacha kula watu, wakaamua kulima. Mchezaji ndiye anayewaongoza: wajenge wapi, wapande nini, nani achunge, nani apike. Mambo yanakwenda vizuri mpaka kiangazi. Hapo chakula chote kinaoza ghalani na mazimwi wanakufa kama nzi. Wachezaji wananitukana. Nataka kuwapa njia za kuhifadhi chakula: chumvi, moshi, kukausha juani, na zaidi ya yote siki. Wewe umetumikia kiwanda cha siki mpaka ukastaafu. Nieleze, inatengenezwaje? Kwa sasa zimwi anatia matunda kwenye pipa, anaziba, anasubiri, basi.

Mwanao.

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kikohozi kilishapita. Nyumba iko salama, paa tu linavuja upande wa jikoni. Fundi cherehani wa jirani anakusalimu.

Nimecheka peke yangu mpaka fundi akachungulia dirishani. Pipa wameliziba! Mazimwi wako hawatapata siki, watalewa tu, halafu watarudia kula watu. Sikiliza. Matunda yakichacha yanakuwa pombe. Hiyo ni hatua ya kwanza, na hapo unaweza kuziba. Ya pili ni pombe kuwa siki, na hapo lazima ipate hewa. Unafunika kwa kitambaa tu, nzi wasiingie. Juu patafanya utando. Wasiojua huutupa wakidhani ni uchafu, kumbe ndio wenye kazi. Usiutikise, wala pipa usilihamishe hovyo. Baridi ikizidi, kazi inalala. Joto likizidi, inakufa. Na siki dhaifu haihifadhi kitu. Mboga zitaoza ndani yake huku mtu anajiona ameweka akiba.

Weka vyote hivyo. Usiwadanganye watu.

Baba yako.

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Habari za tangu siku ile? Paa limezibwa? Huku sote wazima.

Nimeweka vyote kama ulivyosema: hatua mbili, hewa, kitambaa, utando, baridi na joto. Mchoraji amechora utando mzuri, ukiugusa unatetemeka. Tukawapa watu wachache wajaribu. Baba, mazimwi wanakufa zaidi kuliko mwanzo! Mchezaji anashinda ameinamia pipa kama mgonjwa, huku shamba limeota magugu. Mmoja ametuandikia: "Nilikuja kujenga kijiji, ninyi mmeniajiri kiwandani." Kwa hiyo nimepunguza. Hewa na nguvu ya siki vimebaki, maana hapo ndipo mtu anapoamua jambo. Baridi na joto nimetoa. Utando umebaki picha tu.

Nina swali jingine. Nataka zimwi wa pipa awe ananusa, halafu anasema, ili mchezaji ajue hali bila kusoma namba. Pua yako ilikuwa inakuambia nini? Siki iliyoiva inanukiaje, na iliyoharibika je?

Mwanao.

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Sasa hiyo ni siki au ni soda? Mtu anabofya, siki hiyo, tayari. Nilikueleza ukweli, wewe umechukua nusu, nusu nyingine umemwaga mferejini. Kiwandani mtu akiruka hatua tulikuwa tunamwaga pipa zima mbele yake, ajifunze. Utando kuwa picha! Ni sawa na kuchora moyo juu ya shati ukasema mwenye shati yu hai.

Fanyeni mnavyotaka, mchezo ni wenu. Kama hamtaki kazi, wapeni mazimwi jokofu tuyamalize.

Paa bado.

Baba yako.

18 Aprili

Baba, shikamoo. U mzima? Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ni kweli, nusu nimeiacha. Lakini siki ni kazi yako na mchezo ni kazi yangu. Mtu akirudi kutoka kibaruani ananipa saa yake ya kupumzika. Nikimpa kibarua cha pili atafunga kompyuta, na hata ile nusu ya ukweli hataipata. Utando siurudishi. Jokofu pia siweki, ingawa mchoraji amecheka mpaka akalichora ukutani kwetu, zimwi amelikumbatia.

Na swali langu la harufu umelipita kama hukuliona. Ulikuwa ukirudi nyumbani, marehemu mama anasema siki imefika kabla yako. Naomba unijibu hilo tu, hata kwa mstari mmoja.

Mwanao.

20 Mei

Baba, shikamoo popote ulipojificha.

Mwezi mzima kimya. Simu inaita, haipokelewi. Nikampigia fundi cherehani, akasema, "Mzee yupo," akakata kama aliyechomwa sindano. Basi nikajua umeninunia. Haya. Kununa ni haki yako, nami nimekurithi, kwa hiyo tuone nani atachoka kwanza.

Nilitaka tu ujue kwamba siki imetoka na watu wameipokea. Mazimwi sasa wanavuka kiangazi. Si wote, lakini wanavuka. Mama mmoja kaandika kwamba mwanawe ameanza kutia vitunguu kwenye siki jikoni kwao, kweli kweli, na hataki mtu aviguse. Zimwi wa pipa anasema "Bado" na "Tayari", basi, kwa sababu aliyepaswa kumfundisha maneno hakumfundisha.

Mwanao.

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo siandiki kwamba sijambo. Sasa naendelea vizuri, lakini nilikuwa na jambo.

Sikununa. Nilikuwa hospitali. Fundi usimlaumu. Nilimwambia akiulizwa aseme nipo, na kweli nilikuwepo, ila wodini. Nilikuwa nimebakiza mchuzi wa nyama kwenye sufuria, nikausahau, nikaja kuukumbuka baada ya siku kadhaa. Nikaupasha, nikaula na wali, nikaona uko sawa. Fundi alinisikia natapika, akavunja komeo. Kitu cha kwanza alichosema mlangoni, kabla hajaniona, ni "Kuna nini kimeoza humu?" Mimi nilikuwa nimelala kando ya sufuria hiyo hiyo, sijui kitu. Wakanitundikia maji, na baadaye figo zikaleta matata yake, ndiyo maana nikakaa sana.

Mama, sisikii harufu. Tangu kile kikohozi cha mwaka jana. Nilidhani itarudi, haikurudi. Sikukuambia kwa kuwa nilijua utasema siwezi kuishi peke yangu, niuze nyumba nije kulala kwenye sofa lako. Na ulipouliza siki inanukiaje, nikaukasirikia utando. Utando wa watu haukuwa na kosa.

Swali lako nalijibu sasa, kwa kukumbuka. Pombe ikianza kugeuka inanukia kama rangi ya kucha, na wengi hukata tamaa hapo. Usimruhusu zimwi wako amwage. Ikiiva, harufu haikai puani, inapanda nyuma ya macho. Unakunja uso kabla hujajua kwa nini, na mate yanajaa. Iliyoharibika haina ukali. Ni kama kitambaa kibichi kilichosahauliwa kwenye ndoo. Siku yangu ya mwisho kazini nilipita kwenye kila pipa nikinusa. Wenzangu walidhani nakagua.

Baba yako.

8 Juni

Baba,

Shikamoo. Sigombani. Begi nimeshafunga, nafika kesho kutwa; barua hii inatangulia kwa basi la leo.

Nyumba huiuzi. Sofa langu limetoboka, springi iko nje, hata adui simlazi pale. Tutazungumza jinsi utakavyoishi hapo hapo kwako, wewe ukiongea na mimi nikisikiliza, halafu tutabadilishana. Usipike kitu mpaka nifike. Kilichomo kwenye sufuria mpe fundi anuse, kisha kimwage hata akisema ni kizima.

Mwanao.

15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba kabla hujanisalimu. Ulifika salama? Mimi mzima. Daktari anasema pua inaweza kurudi na inaweza isirudi, akainua mabega kama mtu aliyeulizwa habari za mvua. Napika cha kula siku hiyo hiyo tu, kama tulivyokubaliana. Mchana nakula kwa fundi na mkewe, nami napeleka mboga. Jioni mkewe huja kunikagua. Anafunua sufuria anaingiza kichwa chote, utadhani anatafuta pete.

Ulipokuwa hapa ulinichosha. "Baba, mvua inakuja, udongo unanukia. Baba, jirani anakaanga vitunguu. Baba, hilo shati lifue." Mpaka nikakuambia unyamaze. Sasa umeondoka. Nakaa barazani naona moshi wa jirani, najua kuna kitu jikoni, sijui nini. Nilishazoea uniambie.

Nina ombi. Ukiandika, hizo habari za mgongo zipunguze. Niambie hapo ulipo kunanukiaje.

Baba yako.

24 Agosti

Baba, shikamoo.

Chumba chetu cha kazi kinanukia kompyuta iliyopata moto, kama vumbi lililopigwa pasi. Mchoraji amevua viatu, hilo tuliache. Dirishani kuna mvua ya jana kwenye lami, na juu yake mkate, maana duka la chini ndiyo kwanza wameutoa kwenye tanuri. Mikono yangu ni sabuni ya limau.

Maneno yako nimempa zimwi, yote, hata kitambaa kwenye ndoo. Jana mtu kaandika kwamba alitaka kumwaga pipa, zimwi akamwambia, "Subiri, wengi hukata tamaa hapa." Akasubiri, akapata siki.

Chumba chenyewe kiko nyumbani kwa mchoraji, na leo ni zamu yangu ya kupika. Sasa kuna kitu kinatoka jikoni, kitamu kidogo kama sukari, halafu nyuma yake kuna uchungu... Baba, maharage yangu!

Yameungua. Hiyo harufu sikuelezi. Nilikulisha maharage ya hivyo utoto wangu wote, unaijua.

Mwanao.