Goti Lako na Paja Langu

Kwako Dada Ukuta,

Salamu nakupa, kwa sababu mama alitulea tukijua kwamba hata mtu uliyemnunia husalimiwa. U mzima? Shemeji yangu hajambo? Na wanangu wawili, yule mkubwa ameshaota meno ya mbele, au bado anapiga mluzi kila akitamka jina la mwalimu wake? Ukiniuliza mimi, ni mzima kuanzia utosini hadi kiunoni, na kuanzia gotini hadi kwenye kucha. Hapo katikati ndipo tutakapopazungumzia.

Nina hasira nawe, dada. Nimeitanguliza ili usiisome barua hii ukidhani nitakuja kuipaka asali mwishoni.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kochi la kijani alilolitengeneza mume wangu, mguu wa kushoto ukiwa juu ya kistuli ambacho nacho amekitengeneza yeye, kwa kipimo cha kisigino changu. Mume wangu. Hii ni wiki ya kumi na tatu tangu tuoane, na bado nikiyaandika maneno hayo mawili naona kama kalamu inatabasamu. Hujakaa naye, ndiyo maana hujui. Ni mtu anayekata mkate akakupa wewe kipande cha katikati. Akirudi kutoka karakana ana nyuzi za kitambaa nyweleni, nami huzitoa mmoja mmoja, na najua nimo katika nyumba yangu. Vidole gumba vyake ni vigumu kama kwato kwa kubonyeza misumari ya makochi, lakini akivipitisha juu ya sponji anajua donge liko wapi, hata kama limejificha chini ya kitambaa mara tatu. Nilimwona akifanya hivyo kabla hatujachumbiana, nikajisemea moyoni kwamba huyu ndiye.

Lakini sikuchukua kalamu ili nikusifie mume.

Unaikumbuka siku ile vizuri kama ninavyoikumbuka mimi. Mechi ya mpira wa mikono, idara yenu ya maji dhidi ya kiwanda chetu cha uchapaji, wiki tatu baada ya harusi yangu, hina bado haijafutika kwenye kucha. Nilipata mpira pembeni, nikaruka. Umenifundisha wewe mwenyewe kuruka, uani kwetu, ukaniita Kiroboto mpaka majirani wakasahau jina langu. Ulijua nitaruka na mguu upi. Ukaja mbele yangu, ukasimama kama ulivyo, Ukuta, na goti likainuka. Usiniambie liliinuka lenyewe. Goti si mkate uumukao wenyewe. Likaingia kwenye nyama ya paja langu mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni.

Mwamuzi alikutoa nje dakika mbili. Ungenyamaza katika dakika hizo mbili, pengine nisingekuwa nakuandikia leo. Lakini ulikaa kwenye benchi, ukafuta jasho, ukawaambia wenzako kwa sauti ya kunifikia mimi niliyelala chini kwamba bibi harusi ameshalegea. Wakacheka. Timu yangu nayo ikacheka. Hata mshika saa alicheka, na yule mtu nimewahi kumwona akiwa mazishini na msibani tu, sikujua kuwa ana meno.

Muuguzi wa timu yetu, yule tunayemwita Barafu kwa sababu hata ukiumwa jino atakuambia weka barafu, alilifunga paja langu palepale na kunieleza kwa kirefu. Alisema damu imevilia ndani kabisa, kwenye msuli ulio karibu na mfupa. Niweke barafu, nifunge bandeji, nipumzike. Nisilikande, nisiliweke maji ya moto, nisipake dawa ya kuchua, maana msuli wa namna hiyo ukichokozwa mapema unaweza kuota mfupa ndani yake. Alinirudia maneno hayo mara mbili kama anayemfundisha mtoto sala.

Wewe hukuja kuniona. Ulimtuma mama na machungwa na ujumbe kwamba paja ni nyama tu, litapona. Machungwa niliyala kwa hasira, hata maganda niliyatafuna.

Sasa si nyama tu, dada. Wiki ya sita baada ya mechi goti langu lilikuwa bado halikunjiki zaidi ya pembe ya meza. Kazini walikuwa wameshanitoa kwenye mashine ya kukata karatasi, kwa kuwa kule ni kusimama kutwa, wakaniweka kwenye benchi la kupanga kurasa, pamoja na wale wazee wawili wanaogombana tangu mimi sijazaliwa. Vijana wa wino wakaniita Bikari kwa jinsi nilivyokuwa nikitembea, mguu mmoja umechomekwa na mwingine unazunguka. Nikapelekwa kupigwa picha. Mtaalamu wa viungo aliinua ile picha dirishani, akanionyesha mfupa wa paja, na kando yake kiwingu cheupe mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Akasema huo ni mfupa mpya, nisubiri miezi mingi ukomae na utulie, na kwamba msimu huu niusahau.

Nilitoka pale na ile picha mkononi. Jioni ileile nilikaa mezani nikaiandikia kamati ya nidhamu ya ligi. Nilieleza goti, nilieleza kicheko, nikaambatisha picha. Nikaandika kwamba tangu siku ya kwanza nimefuata maagizo yote ya muuguzi, na kwamba mguu wangu umeharibiwa na mtu mmoja tu. Nilijua umechaguliwa kwenye timu ya pamoja ya ligi. Nilijua umeisubiri nafasi hiyo tangu una miaka ishirini, na sasa una thelathini na nne, na hakuna atakayekuita tena. Nilijua wakikufungia mwaka mmoja wamekufungia moja kwa moja. Nikaweka stempu.

Halafu Jumapili mama akaja. Nikamwuliza Ukuta anasemaje, nikiwa tayari kusikia matusi. Mama akaniambia husemi kitu. Jezi umempa yule mwanangu mdogo alalie. Ulipoulizwa kama utaenda Alhamisi mbele ya kamati kujitetea, ulijibu kwamba kama Kiroboto amesema ni wewe, basi ni wewe.

Hapo ndipo uliponimaliza. Ungenitukana ningepata nafuu. Ungesema mimi ni mwongo, ningekuwa na pa kushika. Lakini wewe, mtu ambaye hujawahi kushindwa mabishano hata na redio, unanyamaza na kunibebea mzigo ambao hujui kilichomo ndani. Nimekuwa na hasira tangu Jumapili mpaka meno yananiuma, na nimetafuta sana pa kuipeleka.

Sikufuata maagizo, dada.

Jioni ya pili baada ya mechi mume wangu aliingia na beseni la maji ya moto na taulo. Aliniuliza muuguzi amesemaje. Nikamjibu amesema nitunzwe. Akapiga magoti, akapitisha vidole juu ya paja langu kwa ile namna yake, akalipata donge. Akafurahi kama aliyeokota pete. Akaniambia hili analijua, donge dawa yake ni kulivunja taratibu. Na akalivunja. Jioni kumi na tisa mfululizo, maji ya moto na vidole gumba, akiimba puani, kichwa chake kimeinama mbele yangu mpaka ningeweza kuhesabu nyuzi.

Liliuma. Kila jioni nilimkumbuka Barafu, na kila jioni nilinyamaza. Sehemu moja ni kwamba sijawahi kushikwa mguu na mtu kana kwamba ni kioo. Sehemu nyingine ni wewe, na neno lako la kulegea, maana nilitaka kurudi uwanjani baada ya wiki mbili nikutoe jasho, nikajidanganya kwamba kinachouma ndicho kinachopona. Yule mtaalamu wa viungo aliniuliza waziwazi nani amekuwa akinikanda. Nikamjibu hakuna. Mume wangu alikuwa nje ya mlango, amepakata mkoba wangu kwa mikono miwili kama yai.

Hakujua kwamba muuguzi alikataza. Jana baada ya chakula cha mchana nilimwambia.

Hakupaza sauti. Aliniuliza kama wakati ule lilikuwa linauma. Nikasema liliuma. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia kwa sababu yeye alikuwa na furaha. Akasema alikuwa na furaha kwa sababu alidhani ninapona. Tangu saa hiyo ananipikia, ananishika mkono ngazini, lakini bandeji ananifunga kwa ncha za kucha, na akimaliza anairudisha mikono mfukoni kama vitu vya kuazima.

Goti ulipiga kwa makusudi, na hilo silifuti. Najua, kwa sababu hata mimi ningepiga. Lakini goti lako lilinipa wiki nne za kuchechemea, si zaidi. Mfupa ni wangu mimi. Asubuhi ya leo nimewapelekea kamati barua ya pili yenye hayo yote, na nakala yake nimeiambatisha hapa. Alhamisi nitakuwepo nirudie kwa mdomo wangu. Mnyang'anye mtoto ile jezi, uifue, uje. Na usije na machungwa. Uje uniombe radhi kwa lile neno la kwenye benchi, nami nitakuomba kwa yaliyobaki, na mbele ya mama tutaona nani ana mengi.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwabusu wote wawili. Mama mwambie nitamweleza mwenyewe, asisikie kwa watu.

Mume wangu anakusalimu. Ameisoma barua hii yote akiwa amesimama, na sasa ameniuliza kama aibonyeze bahasha ishike gundi. Nimemwambia aibonyeze kwa nguvu zake zote, hiyo haina damu ndani. Amecheka. Kidogo tu, lakini mkono umetoka mfukoni.

Ni mimi mdogo wako, niliyekununia bado,

Kiroboto