Kicheko cha Makaburini

Kisauni, 4 Februari 1947

Mwanangu Abdillahi,

Assalaam alaykum. Kifua chaendeleaje na baridi ya Nairobi? Mimi mzima, ila goti. Nimepewa hongera njiani kwamba waoa Likoni mwezi wa Aprili, na shangazi yako Mwanatabu ndiye atakayekaa mahali pa mama. Nimezipokea uso nimeuinamisha. Nimekukosea nini?

Mamako, Barke

Nairobi, 25 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepoa. Goti likande kwa mafuta ya moto.

Umeuliza, nakujibu. Siku ya kumzika baba nilikuwa na miaka sita. Nimesimama kando ya kaburi, shangazi amenishika mkono, nikakuona mbele yetu na leso nyekundu, unacheka. Nakuona hadi leo. Mtu wa namna hiyo nimweke wapi harusini?

Mwanao

Kisauni, 10 Machi

Abdillahi,

Marahaba. Goti afadhali.

Wewe ni mtoto wa Kisauni au umekuwa mgeni? Tangu lini wanawake wetu wakafuata jeneza? Baba yako alipotolewa, mimi na Mwanatabu tulibaki ndani, nami nimeshaingia eda, nimevaa nyeupe. Wewe hata hukuwepo, ulikuwa Mikindani kwa mjomba Khamis, unaugua surua.

Kucheka nilicheka, siongopi. Siku ya tatu, mle chumbani, Jumwa, mtani wa baba yako, aliigiza mwendo wake. Tulicheka sote. Mwanatabu peke yake hakunisamehe, akakusimulia miaka na miaka hata ukaona. Muulize.

Mamako

Nairobi, 2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui niulize habari ya goti kwa uso gani. Barua yako ilifika mapema, lakini kwa hasira sikuifungua mpaka harusi ikapita.

Mjomba Khamis amethibitisha nilikuwa kwake. Shangazi nimemuuliza, amelia tu. Naona haya, mama. Nimebeba majeneza mangapi, nisijiulize hata mara moja mwanamke angefikaje pale? Na haya zaidi ni hii: nikifumba macho bado nakuona unacheka. Najua si kweli, na haitoki. Nataka kuja kukuomba radhi, naogopa.

Mwanao mkosefu

Kisauni, 13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Radhi unazo. Njoo na mkeo.

Siku ya harusi nililia, sikufichi. Jirani yetu Kulthum alikwenda Likoni, na kila alasiri huja kunisimulia ulivyovaa, ulivyoinama ukaubusu mkono wa shangazi yako. Amesimulia hata sasa naona mwenyewe. Kitini nimekaa mimi, na mkono ni wangu. Ukija, usinisahihishe.

Mamako