Gimbi la Kijapani Lililonitoa Nyumbani

Rågsved, Stockholm
3 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Deo,

Hujambo, baba? Mkeo Chiharu hajambo? Na huyo mwanenu, meno yameshatoka au bado anawang'ata kwa ufizi? Baba mkwe wako mgongo unamwendeaje, au bado anang'ang'ania kupanda ngazi za shamba na ndoo mbili mkononi? Naomba barua hii iwakute wazima wote. Mimi namshukuru Mungu, nasimama. Koo limepona na sauti imerudi. Shemeji yako Ladislaus yuko vilevile tangu kiharusi: upande wa kushoto umelala, mdomo unafanya kazi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Simu humu ndani haina siri. Nyumba ni vyumba viwili, na masikio ya Ladislaus ugonjwa haukuyagusa. Nikinong'ona jikoni, ananijibu kutoka kitandani. Kwa hiyo naandikia chooni, mlango nimeufunga, nimekalia mfuniko, karatasi iko gotini. Ukiona mwandiko umepinda, ndiyo sababu.

Boksi lako Axel amelifikisha, yule Mswidi aliyekuja huko Japani kupanda milima akalala kwenu. Alilipitishaje uwanja wa ndege sijui, na sikumuuliza. Lo, Deo! Nilipolifungua tu, harufu ya udongo ikanipanda puani nikakaa chini. Uyoga mkavu tumeula na wali. Zile mboga za majani mlizozitia chumvi nimezificha, nala peke yangu kidogo kidogo kama mwizi. Na unga wa soba, ile nafaka yenu, wala sikuuliza, niliusonga ugali. Ukawa mweusi, mzito, unanukia. Ladislaus akala akaomba tena. Halafu Axel ananiambia kwamba hata wazee wa huko kwenu wanausonga hivyohivyo kwa maji ya moto. Nikacheka mpaka machozi.

Picha ya shamba nimeibandika kwenye friji. Kwa kweli hiyo ni kwetu Mgeta, usinidanganye. Mlima umekatwa ngazi, maji yanateremka mferejini, ukungu umekaa juu. Sisi tulikuwa na njegere na kabichi, ninyi mna mpunga na soba, basi. Hata nguruwe pori wanaokufukulia shamba ni walewale waliomtoa baba usingizini. Unasema vijana wa kijiji wamehamia mjini na wewe mtoto wa Mgeta ndiye unayesafisha mifereji ya wazee wa watu. Baba angekuona angevimba kichwa.

Sasa lile la mama. Uliposema anakuja kwako Novemba na ataondoka kabla ya Krismasi, na kwamba mtammenyesha yale matunda ya kaki na kuyatunga kambani barazani yakauke, nilifurahi, halafu nikaumia. Sijamwona mama tangu Ladislaus aanguke. Mwaka wa sita huu. Huku kwetu hawezi kuja, viza wamemnyima, na mimi siwezi kwenda kokote. Ukasema, "Dada, njoo tuwe watatu, mama hatasafiri tena." Nilijua ni kweli. Na nilijua siendi.

Unajua hali ilivyo, ila sidhani unaijua vizuri. Watunzaji wa manispaa, hemtjänst wenyewe wanavyoitwa, Ladislaus aliwakataa tangu siku ya kwanza. Alisema haogeshwi na mgeni. Binti yetu Queen yuko Göteborg, na hata angekuwa hapa, binti atamwogesha baba yake? Haiwezekani. Akabaki na neno moja: "Clementina tu." Watu kanisani wakasema ni mapenzi hayo. Mimi nikaacha kazi yangu kule Tumba. Nikienda dukani nakimbia. Kuna siku nilifika mpaka stesheni, treni ikafungua milango mbele yangu, nikasimama naiangalia mpaka ikaondoka, nikarudi na maziwa yangu.

Basi, tulifika chini ya boksi. Nikakuta vile viazi vya mviringo, vya kahawia, vina kishimo juu. Nikasema, ee, magimbi! Deo kanikumbuka na magimbi! Ulikuwa umeandika jina, konyaku, lakini nani ana shida na jina mtu anapoona gimbi? Nikamenya. Mikono ikaniwasha, nikasema ndiyo, hata ya mtoni kwetu yanawasha. Nikachemsha mpaka yakalainika, nikatia tui la nazi, chumvi, kitunguu. Jikoni kukanukia nyumbani kabisa.

Chakula cha Ladislaus huwa naonja mimi kwanza, kwa sababu kumeza kwake ni kwa shida. Mungu alitupenda. Tonge moja tu, Deo, mdomo mzima ukawa kama nimelamba upupu. Ulimi ukajaa, koo likaanza kuziba. Nikapiga namba ya dharura, sauti haitoki, nakoroma tu. Ladislaus ndiye aliyepiga kelele kwa Kiswidi kutoka kitandani mpaka wakaelewa ni wapi.

Kumbe hicho kitu hakiliwi hivyo! Chiharu ameniandikia baadaye: kinachemshwa, kinapondwa, kinatiwa maji ya chokaa au ya majivu mpaka kigande, kisha kinachemshwa tena. Ungenitumia na majivu basi, mwanaharamu wewe. Nakutania. Kosa ni langu, ila usimwambie mama kwamba mtoto wake mkubwa ameshindwa na gimbi.

Watu wa ambulensi walipotaka kunibeba, nikaonyesha chumbani kwa kidole: nani atabaki naye? Wakapiga simu manispaa. Nilikuwa nimeshashushwa chini wakati akiingia mtunzaji waliyemtuma, mtu mzima mmoja, mweusi, na begi lake. Anaitwa Jean-Bosco, Mkongo wa Bukavu, anakaa Spånga. Akaniambia, "Mama, wende tu. Ye ni baba yangu leo."

Hospitali walinilaza mpaka kesho yake. Nikuambie ukweli? Dripu mkononi, mdomo umevimba, na nililala usingizi ambao sijaulala tangu zamani. Hakuna aliyeniita. Nilipoamka nikalia, nesi akafikiri ni maumivu.

Nilirudi mchana nikiwa na hofu. Nafungua mlango, nasikia kicheko. Ladislaus amekalishwa dirishani, amenyolewa ndevu, amevaa lile shati la bluu ambalo mimi nikimvisha anasema linambana. Wanabishana na Jean-Bosco kuhusu mpira. Jean-Bosco akasema, "Mama, tulikula muzuri, tukaoga, tukacheka, hakuna shida." Ladislaus akaniangalia, kicheko kikakatika.

Deo, nilitaka kumzaba kibao mgonjwa. Mungu anisamehe. Miaka yote hii "Clementina tu", na mtu wa kwanza aliyeingia akamwogesha asubuhi moja. Nilifurahi na nilikasirika kwa wakati mmoja, sijui ipi ilikuwa kubwa.

Nikamsindikiza Jean-Bosco mlangoni, nikamweleza shida yangu, naye akaipigia simu ofisi yao. Alipoondoka nikamwambia Ladislaus: mama anakuja kwa Deo, nami naenda wiki tatu, Jean-Bosco atakaa na wewe, amekubali na ofisi yao imekubali. Sikumwomba, nilimwambia. Akageuzia uso dirishani. Halafu akasema taratibu, bila hasira, "Nenda. Ukirudi hutanikuta."

Tangu siku hiyo chakula changu anakigusa tu. Cha Jean-Bosco pia, ambaye sasa anakuja kila asubuhi. Jana alikula uji nusu, leo kakataa. Daktari amempima, anasema mwili hauna tatizo jipya. Najua ananikomoa. Halafu nikimwangalia shingo ilivyokonda, sijui tena kama ananikomoa. Queen ameniambia kwa simu, kwa Kiswidi chake, "Åk, mamma," nenda mama. Kwake ni rahisi, hayuko humu chumbani.

Tiketi nimekata. Ni ya tarehe ishirini na saba mwezi huu, niliikata humu humu chooni, kwa simu. Begi liko kwa Josiane, jirani yangu wa chini, Mkongo naye, ili Ladislaus asilione. Nimelipanga nguo na kulipangua mara nyingi. Usiku huota niko kwenye matuta yenu na wewe na mama, na ninaposhika tunda namsikia Ladislaus ananiita.

Nisalimie Chiharu, mwambie majivu nimeelewa. Msalimie baba mkwe, mwambie apunguze ndoo. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike na baridi hiyo ya milimani, na shamba liwalipe kwa jasho lenu.

Wakati unasoma haya mama atakuwa amekaa karibu yako, na atauliza Clementina anasemaje. Usimsomee. Mpe salamu zangu zilezile za siku zote, za mtu ambaye haji. Nikishindwa kuuvuka huu mlango, sitaki awe ananingoja barazani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Clementina