Sahihi Tatu za Léonie

Nchelenge,
9 Juni 1975

Mpendwa Yaya Zéphirin, kaka yangu mukubwa,

Jambo sana huko Ndola. Wewe, shemeji Idah na batoto muko bazima? Lile tumbo lako linaendelea kukua, ao shemeji ameanza kukupimia sahani ya bukari? Sisi tunapumua. Mama anakohoa kidogo, lakini nguvu za kunigombeza hazijapungua.

Ujue sasa mimi ni mutu wa kliniki! Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwandiko wangu unapita wa Ba Watson, mukubwa wangu wa kazi. Kila mwezi mimi njo ninajaza karatasi ya magonjwa inayokwenda Lusaka. Kolone ya tano, ile safu ya tano, ni ya mimba zilizotolewa kwa ruhusa ya sheria. Miaka miwili ninaandika sifuri humo, sifuri za duara kama yai. Wakubwa walipopita walisema Nchelenge hakuna shida hiyo, na mimi nikachekelea. Mjinga mimi!

Yaya, shida iko. Dada yetu Léonie ana mimba ya miezi miwili, na moyo wake mugonjwa unaujua. Dokta wetu wa hapa alisema wazi: mimba hii itamuua. Sheria inaruhusu aitoe, na mwenyewe amekubali, kwa machozi. Lakini inataka sahihi za madokta watatu, mumoja awe bingwa. Hapa dokta ni mumoja tu! Yeye alishatia yake. Wa pili yuko Mansa, bingwa yuko kwenu.

Nilimuuliza Ba Watson, "Na mwanamke wa kambi za wavuvi kule kisiwa cha Chisenga atawapata wapi hao watatu?"

"We kijana, jaza karatasi."

Hiyo njo siri ya sifuri zangu. Wanaojaribu kutoa kwa mizizi nyumbani, wakaletwa wamelowa damu, ninawaandika "kutoka damu" basi. Lusaka hawaoni kitu.

Mwezi huu niliandika: "1, anangoja sahihi." Ba Watson akaipasua. Nikaandika tena, kwa mwandiko muzuri zaidi.

Léonie na Mama wanapanda basi Ijumaa, watapitia Mansa. Jumanne watakuwa kwako. Wapeleke kwa bingwa, usimame pale mlangoni na urefu wako wote. Akisema murudi wiki ijayo, ukatae. Léonie hana wiki za kugawa.

Kolone ya sita ni ya bamama waliokufa. Dada yangu sitamuandika humo, Yaya. Nisaidie nimuandike ya tano.

Salimia shemeji, na mutoto wako Sampa mwenye kelele. Mungu awafungulie milango yote, aanze na ule wa bingwa.

Wako akupendaye, na anayekupita kwa sura,
Hippolyte