Vidonge Nilivyomficha Daktari

Kimironko, Kigali
14 Septemba 2025

Dada yangu Mwamini,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na kifua cha mwanao Rwema kiwe kimetulia na vumbi hili. Sisi hatujambo. Cherehani yangu haipumziki, kila mteja ana harusi. Shimwa amerudi shuleni, na jana alinitangulia kwa mbio hadi mlango wa soko. Nilimgombeza huku nafurahi.

Nilikueleza kwa simu jinsi pumu ilivyombana, mvuke wa dawa waliomvutisha ukashindwa, wakamwekea dripu ya kufungua kifua. Baada ya muda mfupi akaanza kutapika na kutetemeka. Nesi Gahongayire, aliyekuwa akiangalia mashine ya moyo, aliona mapigo yamepita mia mbili na yanarukaruka. Alifunga dripu papo hapo, akamwita Daktari Kabera. Nikakuambia kwamba dawa ya hospitali ilitaka kuniulia mwanangu.

Juzi shemeji kaniambia umeapa Rwema hatawekewa dripu hiyo kamwe, na kwamba majirani nao umewaonya. Ndiyo maana nakuandikia.

Dada, sikukuambia yote. Siku ile, kabla ya kwenda hospitali, nilimpa Shimwa vidonge vya pumu nilivyonunua bila cheti cha daktari, viwili asubuhi, viwili adhuhuri. Daktari aliniuliza mara mbili kama mtoto ametumia dawa yoyote. Nikajibu hapana, kwani mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amenikataza vidonge hivyo, nami niliona aibu. Mashine ilipoanza kulia ndipo nikasema, "Nimempa vidonge. Vinne."

Hakunigombeza. Alisema vidonge na dripu ni dawa za jamii moja, zikizidi mwilini moyo huvurugika, na kwamba angejua asingeiweka. Walimwangalia moyo hadi kesho yake, wakamtibu kwa dawa nyingine.

Nimekwisha kumwomba radhi daktari, na baba Shimwa anajua. Sasa nenda kwa kila jirani uliyemwonya, umwambie mdogo wako alidanganya. Jina langu litaje. Na Rwema akibanwa, mkimbize hospitali, taja kila alichomeza kabla hawajakuuliza, kisha waache wamtibu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, lakini mtoto asikose dawa kwa uongo wangu.

Msalimie shemeji, na Rwema umbusu kwa niaba ya Shimwa.

Mdogo wako,
Zaina