Mjomba na siri ya chumba namba saba

We! Acha unachofanya usome hapa. Mjomba kapiga simu redioni kufichua siri ya serikali!

Mjomba huyu huyu, mtunza stoo wa ofisi ya hali ya hewa!

Kasema serikali inachunguza kisirisiri chombo kilichotoka angani. Kimefungiwa chumba namba saba, kina rangi ya fedha, na kinapumua. KINAPUMUA! Sauti yake watu wa redio waliigeuza asijulikane, akasikika kama chura ndani ya ndoo.

Mpaka hapo alikuwa salama. Mtangazaji akamshukuru, naye akajibu kama anavyojibu simu za kazini miaka ishirini: "Stoo ya hali ya hewa, asante kwa kupiga, karibu tena."

Asante kwa kupiga! Na aliyepiga ni yeye!

Nusu saa haikupita, mkurugenzi kamwita. Mjomba kaingia keshaiaga kazi moyoni, na amebakiza miaka miwili tu astaafu. Mkurugenzi kafunga mlango, kafunga na dirisha.

"Mzee, uliingiaje namba saba?"

"Sikuingia, bosi. Nilichungulia tundu la ufunguo."

"Mimi mwaka wa nne hapa, ufunguo huo sijawahi kupewa. Twende."

Jamani, wakapiga magoti koridoni, mtu na bosi wake, wakichungulia kwa zamu! Mkurugenzi kachungulia mpaka tai ikafagia sakafu. Kainuka, kanong'ona, "Kweli kinapumua!"

Mjomba akauliza kinyonge, "Kwa hiyo kazi sina?"

"Kazi unayo. Ila ukipiga tena redioni, sema tulikuwa wawili."